Alama Saba na Kosa Moja

Wezi wa kuku Blandine alikuwa amewakamata hadi akachoka. Wezi wa pikipiki pia, wezi wa mabati ya kanisa, hata bwana mmoja aliyeiba mlango wa nyumba yake mwenyewe ili amsingizie shemeji yake. Miaka yote aliyokuwa OPJ, yaani afisa wa polisi wa kuchunguza makosa, na hii michache tangu aanze kuchunguza kivyake, alidhani ameshaona kila kitu ambacho mkono wa binadamu unaweza kubeba. Lakini wizi wa alama saba? Huo hakuwahi kuusikia. Sasa alikuwa amekaa sebuleni kwa Louise, pale Kavimvira, mjini Uvira, ameshika simu mbali na uso, anazitazama hizo alama na alama zinamtazama.

+/,∧\~M

"Hii njo yote?" akauliza.

"Njo yote, mama," akajibu Noella, binti wa Louise, macho yamemvimba kwa kulia. "Njo programu yenyewe."

"Yesu wangu! Minye nilizani kuna muntu amekalia simu."

Louise, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu, akacheka hadi akashika mlango. Kisha akakumbuka msiba uliomo ndani ya nyumba, akanyamaza, akaenda kuongeza maji kwenye chai.

Kesi ilikuwa hivi. Noella alikuwa kwenye mashindano ya mafumbo ya kompyuta, yale ya vijana wa nchi hizi za maziwa, yanayofanywa kwa mtandao kwa lugha iitwayo APL. Mafumbo hutungwa na wataalamu wa mbali, majibu hukaguliwa Bujumbura. Anayefika fainali amepata mwaka mzima wa kusoma bure katika chuo cha kompyuta, na Noella alikuwa ameshaiona fainali kwa macho. Ndipo waamuzi wakakuta kwamba katika fumbo la mwisho, yeye na kijana mmoja wa Nyakabere, Déogratias, wameleta programu ile ile, alama kwa alama. Mbaya zaidi, zote mbili zimekosea, tena kosa lile lile. Na mbaya kuliko yote, zimetumwa kutoka anwani moja ya mtandao. Mwamuzi mmoja, Bwana Ndayiragije, alikuwa amevuka mpaka kuja kuwasikiliza. Jioni angerudi na ripoti, na kama hakuna kilichobadilika, majina mawili yangefutwa na kutangazwa kila mahali kuwa ya wezi.

"Nifundishe," Blandine akasema. "Pole pole. Ukinipoteza, nasinzia hapa hapa."

Noella akafuta pua, akasogea. "Fumbo linasema hivi: maji inatoka mulimani, inashuka kwa mifereji iliyonyooka, inapita mu shamba mpaka ziwani. Shamba imekatwa viwanja viwanja. Maji ikikuta jiwe, inasimama. Sema viwanja ngapi vimepata maji."

"Hiyo naelewa. Baba yangu alilima Lemera, mawe nayajua."

"Sasa programu inasomwa kutoka kuume kwenda kushoto. M njo shamba yote: moja penye jiwe, sifuri penye wazi. Hii inayojikunja inageuza: penye wazi panakuwa moja. Halafu hizi mbili, ∧\, zinatembea na maji kwa kila mustari. Pako wazi, inapita. Pako wazi, inapita. Jiwe! Kwisha, haipiti tena. Koma inakusanya vyote fasi moja, na +/ inahesabu. Mu lugha zingine ungeandika ukurasa muzima. Hapa alama moja inashika shamba yote mara moja."

Alipokuwa akieleza, machozi yalimkauka na mikono ikaanza kucheza hewani, na Blandine, ambaye maisha yake yote aliandika ripoti ndefu za polisi zisizosomwa na mtu, akaipenda lugha hiyo papo hapo.

"Swali la kwanza," akasema. "Muntu mwingine mwenye akili, akipewa fumbo hii, ataandika nini?"

"Kama iko na akili? Ataandika vile vile. Hakuna ginsi ingine fupi kuliko hii."

Blandine akaitikia kwa kichwa. Basi kufanana peke yake si ushahidi. Watu wawili wakitumwa kununua chumvi, wote watarudi na chumvi. Kilichobaki ni kosa, na anwani.

"Na kosa iko wapi?"

"Mama, sijui!" Noella akapiga paja, akamfungulia mfano kwenye simu. "Mufano wao mudogo, minye napata tatu, na wao tatu. Kwa shamba yao kubwa njo wanasema nimekosa. Nimeangalia mpaka nimeota hizi alama zinanifukuza."

"Huyu Déogratias, munajuana?"

Uso wa binti ukabadilika. "Yule? Mu grupu ya WhatsApp kila siku, yangu ni fupi kuliko yenu, yangu ni fupi kuliko yenu. Niibe kwa yule? Heri nile mchanga!"

"Usikule kwanza. Jibu lako ulilituma toka wapi?"

"Kwa Chérie, fasi wanachaji simu. Hapa nyumbani konekisyo haifiki."

Blandine akairudisha simu. Kabla hajaiachia, akaigeuza. Mgongoni ilikuwa na namba iliyochorwa kwa rangi ya kucha, nyekundu. Alimeza chai yake yote, akamshukuru Louise, akatoka.

Blandine alimkuta Déogratias karibu na kituo cha pikipiki, amesimama kando na begi mgongoni, anangoja kuitwa na mwamuzi. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi vikali, na kidevu juu. Blandine akajitambulisha. Kidevu kikashuka kidogo.

"Minye siko mwizi, mama."

"Sijasema. Siku ulituma lile jibu ulikuwa wapi?"

"Nyakabere. Mu shamba ya mupunga, nafukuza ndege."

"Siku muzima?"

"Siku muzima."

"Na jibu ulilituma hapo hapo kwa ndege?"

"Kwa... ndiyo. Kwa simu."

"Nionyeshe hiyo simu."

Akaitoa. Blandine akaigeuza, na pale mgongoni palikuwa na namba, nyekundu, ya rangi ya kucha, mwandiko ule ule. Akamwangalia kijana. Kijana akaangalia pikipiki. Blandine hakuwa na haraka.

"Hawa ndege wenu wa Nyakabere," akasema hatimaye, "siku hizi wanapaka simu rangi ya kucha?"

Maneno yakamtoka Déogratias yote pamoja. Alikuja Kavimvira, ndiyo. Kwa Chérie, ndiyo. Baba yake alikuwa amemwacha alinde mpunga, naye akauacha akaja kutuma jibu, na ndege wakala upande mzima wa shamba. "Baba akijua ilikuwa ni sababu ya kompyuta, mama, atanifukuza minye pahali pa ndege!"

"Na Noella? Ulimwona pale?"

"Nilimuona anatoka. Hakunisalimia. Yule binti anajiona sana, mama. Mu grupu kila siku ni yeye na alama zake."

Blandine akang'ata mdomo asicheke. Uongo ulikuwa umepatikana, ila ulikuwa uongo wa ndege na mpunga, si wa alama saba. Lakini mwamuzi angekubali hivyo? Vijana wawili, mahali pamoja, siku moja, mmoja anatoka, mwingine anaingia, halafu mmoja anaficha. Akiwa kazini zamani, yeye mwenyewe angewafungia wote wawili na kwenda kula. Ilimkera kuona kesi inavyozidi kuwa mbaya kadiri anavyoichunguza.

"Twende," akasema. "Na huko mbele, nikikuuliza kitu unasema ukweli. Ya baba yako nitakusaidia."

Nyumba ya Chérie ya kuchaji ilikuwa ya mbao, haina dirisha mbele, ila ndani ilijaa waya na simu zilizolala kwenye rafu, kila moja na namba yake nyekundu. Chérie mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alikuwa akipuliza vumbi kwenye chaja. Bwana Ndayiragije alikuwa ameshafika. Blandine alimwomba kwa simu awasikilize vijana hapo hapo, na kwa adabu ya watu wa Bujumbura alikubali. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, viatu vinang'aa, ripoti yake tayari kwenye kompyuta mapajani. Noella na mama yake walisimama mlangoni, na Noella alipomwona Déogratias akageuza uso.

"Mama Blandine," mwamuzi akaanza, "nakuheshimu sana. Lakini kosa moja, anwani moja, programu moja. Mimi nifikirie nini?"

"Fikiria chochote, bwana, ila usikiandike bado. Chérie! Hii konekisyo yako, wanaoshika simu hapa wote wanaingia kwa mutandao wako?"

"Wote! Waganda, Warundi, wachungaji, wote."

"Basi wote wanaonekana kuwa na anwani moja?"

Ndayiragije akajibu kabla yake. "Ndiyo," akasema, pole pole. "Hapa wote wangetokea kwenye anwani moja." Akafuta mstari kwenye ripoti yake, bila furaha. "Anwani imeondoka. Kosa limebaki."

"Chérie, na bei ya hii konekisyo haikuumizi?"

"Inaniumiza nini? Nimefunga picha. Hapa hakuna picha, hakuna video. Kuna muntu siku moja aliangalia mupira hapa, timu yake ikashindwa, na mimi pia nikashindwa, mwezi muzima bila konekisyo. Tangu hapo maandishi tu. Hata mchungaji akitaka picha ya Mariamu na Yosefu, haioni."

Wote wakacheka isipokuwa Blandine. Alikuwa amesimama katikati ya nyumba, kidole hewani.

"Noella. Lile fumbo lilikuwa na picha?"

"Kulikuwa tu na kasanduku keupe. Haikufunguka."

"Déogratias?"

"Kasanduku keupe, mama."

"Bwana Ndayiragije, wewe picha hiyo umeiona?"

"Sijaiona. Mimi natazama majibu tu, mafumbo yanatoka mbali."

"Vizuri sana. Usiifungue bado." Blandine akavuta ubao aliotumia Chérie kuandika bei, akaufuta kwa kiganja, akampa mwamuzi chaki. "Nichoree shamba. Liko kati ya mulima na ziwa. Weka mulima, weka ziwa. Usifikirie, chora."

Ndayiragije akashangaa, lakini akachora. Shamba katikati, milima kuume, mawimbi ya ziwa kushoto. Alipomaliza akageuza ubao ili wote waone.

"Ee!" Chérie akapiga kelele. "Huyu bwana ametupa ziwa ku mulima!"

"Nimefanya nini?"

"Ume... lete hapa." Akamnyang'anya chaki, akachora lake chini yake: milima kushoto, ziwa kuume. "Njo hivi! Tangu shule ya msingi, mulima huku, ziwa huku. Unakaa wapi weye, usiyejua ziwa iko wapi?"

"Nakaa Bujumbura, dada! Nalijua ziwa kuliko wewe! Jua linatoka mlimani, linazama ziwani."

"Linazama ziwani! Mumesikia? Jua inatoka ziwani, muntu wa Mungu! Kila asubuhi naiona!"

"Kwenu!"

"Na kwenu!"

Wakatazamana. Ndayiragije akashusha mkono. Akautazama ubao, mchoro wake juu, wa Chérie chini, mlima kila upande. Blandine akamwacha autazame mpaka ashibe.

"Ziwa ni moja," akasema taratibu. "Nyinyi muko ng'ambo moja, sisi tuko ng'ambo ingine. Muntu wa Uvira akisikia maji inatoka mulimani, haulizi mulima iko wapi. Mulima iko kushoto. Iko kushoto tangu azaliwe. Noella, hizi ∧\ zako zinatembeza maji toka wapi?"

"Toka kushoto," akasema Noella, na mkono ukaenda mdomoni. "Mungu wangu. Toka kushoto kwenda kuume."

"Sasa fungua picha, bwana."

Akaifungua kwa laini yake ya Burundi. Picha ikaja: milima juu kabisa ya ukurasa, ziwa chini kabisa. Maji yalipaswa kuteremka kutoka juu.

Noella na Déogratias wakapaza sauti kwa pamoja, "⍀!" au jina lolote waliloipa alama hiyo, maana wote wawili walichora hewani mstari wa mshazari uliokatwa na mwingine katikati. Alama moja tu. Ile inayotembea kutoka juu kwenda chini badala ya kushoto kwenda kuume. Walipogundua kwamba wamesema kitu kimoja, wakanyamaza na kuudhika.

"Lakini mfano," Ndayiragije akasema. Alikuwa mwamuzi mzuri, haachii kirahisi. "Kwenye mfano wangeona wamekosea."

Blandine akamwomba Chérie vifuniko vya chupa. Akachora viwanja tisa ubaoni, tatu kwa tatu, akaweka mawe ya mfano kama Noella alivyomwonyesha: moja kwenye kona ya juu kuume, moja katikati, moja kwenye kona ya chini kushoto. "Mwaga maji toka kushoto."

Mwamuzi akahesabu kwa kidole. "Viwili, kimoja, hakuna. Vitatu."

"Toka juu."

"Viwili, kimoja... vitatu."

"Toka kwenu."

Akahesabu kutoka kuume. Vitatu. Akaacha kidole juu ya kifuniko cha mwisho. "Mfano wao hauonyeshi chochote," akasema. "Ukitoka popote unapata tatu." Sauti yake ilikuwa imepoa. Kisha akajikaza. "Lakini, mama, hii ni dhana nzuri tu. Nikiwaandikia wenzangu kwamba kosa limetokana na upande wa ziwa, watanicheka."

"Basi tafuta kwenu. Kama nasema kweli, kuna muntu wa Bujumbura aliyekosa picha, na huyo amemwaga maji toka kuume."

Ndayiragije akaanza kupekua majibu yaliyoanguka. Alipita, akapita, halafu mkono ukasimama. Ilikuwa programu ya binti anayeitwa Generose. Ilikuwa imewekwa pamoja na makosa ya kawaida, hakuna aliyeijali. Akageuza skrini.

+/,∧\⌽~M

"Hiyo ya nane, ya duara, ni nini?" Blandine akauliza.

"Inageuza shamba," Noella akasema, karibu kwa kunong'ona. "Kuume inakuwa kushoto. Alitaka maji ianze kuume."

"Generose anakaa kwenye vilima vya kwetu," akasema Ndayiragije. "Mtandao wa huko ni shida." Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani.

Hatimaye akavaa miwani. "Mimi nimeamini. Lakini jioni hii nitawakabili waamuzi wenzangu wanne ambao hawakuwa hapa. Nataka kitu kimoja zaidi. Nitatunga fumbo sasa hivi, kutoka kichwani. Huyu akae ndani, huyu nje nyuma ya ukuta. Nitasimama mlangoni niwaone wote."

Blandine aliona mtego, hata kama mwamuzi hakuuona. Wakileta tofauti, wale wanne watasema: mwaona, peke yao hawafanani, basi lile la kwanza waliibiana. Wakileta sawa na wote wamekosea, je? Alitaka kukataa. Akamtazama Noella, na Noella alikuwa ameshaketi, kompyuta ya mwamuzi mapajani, macho makavu.

Ndayiragije akatazama nje, ambako maji ya ziwa siku hizi yamekuja karibu na nyumba kuliko yanavyostahili. "X ni vipimo vya ziwa, kimoja kila siku," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Mara ngapi maji yalipanda kuliko siku iliyotangulia?"

Nyuma ya ukuta Déogratias akaanza kugonga simu. Ndani Noella alifumba macho kwanza. Louise akaanza kusali chini chini, na Chérie akamshika mkono, ingawa asubuhi walikuwa wamegombana juu ya chaja. Blandine alisimama, kwa sababu asingeweza kukaa.

"Nimemaliza," akasema Noella.

"Minye pia!" ikatoka sauti nyuma ya ukuta.

Mwamuzi akachukua simu ya Déogratias kwa mkono mmoja, kompyuta kwa mkono mwingine, akazisogeza pamoja.

+/2</X

+/2</X

Akazitazama. Akatazama ukuta, mbao nene, hakuna hata tundu. Akazitazama tena. Akajaribu vipimo vya kubuni, na jibu likatoka sahihi, kwa wote wawili. Mabega yakaanza kumtikisika, na Blandine kwa sekunde moja mbaya akadhani amekasirika, mpaka kicheko kikamtoka mdomoni na kujaza nyumba yote ya mbao. Alicheka hadi akakaa kwenye rafu ya simu, na Chérie akamtoa haraka.

Akapiga simu hapo hapo, akaweka sauti wote wasikie. "Ndiyo, ni mimi. Hapana. Hapana, nakuambia, si wezi. Nimewaona kwa macho yangu mawili wakifanya tena, na ukuta katikati. Hakuna kilichoibiwa. Futeni lile neno, halafu mtafuteni na Generose mmwombe radhi." Akasikiliza. "Wote watatu, ndiyo. Fumbo lile lifutwe kwa kila mtu, picha haikuwafikia wote. Jumamosi nawangoja fainali."

Louise akapiga vigelegele hadi watu wa kituo cha pikipiki wakaja kuuliza ni harusi ya nani. Déogratias akaingia, akasimama mbele ya Noella, akakohoa, akaonekana anatafuta sentensi isiyomshusha sana. Hakuipata. Noella hakuwa akimwona. Alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, mgongo kwenye mbao, amekumbatia magoti, analia kwa sauti mbele ya watu wote, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze.